Nani Anayeulizwa? Uhakiki wa Utafiti wa Maendeleo na Usalama kwa Mfano wa Chile

Upo udhaifu mmoja katika uhakiki wetu ambao yafaa tuuseme waziwazi. Kila inapotajwa habari ya wataalamu wa nchi za kibeberu wanaokuja kuchunguza siasa na maendeleo ya nchi changa, swali letu la kwanza, na mara nyingi la mwisho, huwa hili: je, mtu huyu ni jasusi? Tukigundua kwamba ndiye, twaridhika kuwa tumemfichua adui. Tukigundua kwamba siye, kwamba ana barua halali, fedha zake zinajulikana zinakotoka na kitabu chake kitauzwa dukani, twaridhika vilevile, tunampa kiti na kumfungulia majalada. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Utafiti wa siri unaweza kufa bila kumdhuru mtu, na utafiti wa halali, wenye mikataba iliyotiwa sahihi mbele ya wapiga picha, ukaja kuitawala nchi nzima. Jambo linalopasa kuhakikiwa kwanza ni swali lenyewe ambalo mtafiti amelibeba: ameuliza nini, amemuuliza nani, na jibu atampelekea nani.

Nitautumia mfano wa Chile. Nimeuchagua kwa sababu katika nchi hiyo moja, na katika miaka ileile, aina zote mbili za utafiti zilikutana. Tunaweza kuzilinganisha bila kubahatisha.

Mwaka 1964 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianzisha mradi wa utafiti uliopewa jina la Camelot. Jina hilo ni la mji wa mfalme Arthur katika hadithi za kale za Waingereza, mji wa raha na utulivu. Walioliteua hawakuficha ndoto yao. Kazi ilikabidhiwa ofisi moja ya utafiti iliyokuwa chini ya American University mjini Washington, ofisi ambayo riziki yake yote ilitoka jeshini. Gharama zilikisiwa kuwa kati ya dola milioni 4 na milioni 6 kwa muda wa miaka mitatu au minne. Kwa watu wa sayansi ya jamii, waliozoea kubembeleza hata nauli ya kwenda kwenye mkutano, kiasi hicho kilikuwa cha kutia kizunguzungu, na si ajabu kwamba wengi wenye majina makubwa waliitika mwito.

Makusudio ya mradi yaliandikwa kwa lugha safi ya kisayansi. Kwanza, kutafuta njia ya kupima uwezekano wa kutokea vita vya ndani katika jamii yoyote ile. Pili, kutambua hatua ambazo serikali inaweza kuzichukua ili kupunguza hali zinazozaa vita hivyo. Kisha, kuangalia kama inawezekana kuwa na utaratibu wa kudumu wa kukusanya na kutumia habari zinazohitajika kwa kazi hizo mbili. Barua za kuwaalika wataalamu, zilizotoka mwezi Desemba 1964, zilieleza kwamba jeshi linao wajibu katika kazi njema ya kujenga mataifa, pamoja na wajibu wa kuzisaidia serikali rafiki kukabiliana na maasi. Naomba msomaji aitazame vizuri sentensi hiyo. Kujenga taifa na kuzima maasi vimewekwa katika pumzi moja, kana kwamba ni kazi moja yenye majina mawili. Humo ndimo ilimo nadharia nzima ya maendeleo na usalama ambayo baadaye ilivikwa nguo nyingi nzuri zaidi.

Kwa maelezo ya wakuu wa mradi, Chile haikuwa hata katika orodha ya nchi zilizokusudiwa kuchunguzwa. Iliingia kwa mlango wa nyuma. Mwanaanthropolojia mmoja wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mzaliwa wa Chile, alikwenda Santiago kuwashawishi wasomi wa huko washiriki, na akawaficha kwamba fedha ni za jeshi. Lakini wakati huohuo alikuwapo Santiago Johan Galtung, mwanasosholojia kutoka Norway aliyekuwa akifundisha katika taasisi ya FLACSO. Yeye alikuwa amepata mwaliko wa moja kwa moja, na barua yake ilimtaja mwenye fedha bila kificho. Aliukataa mwaliko, kisha akawaonyesha wenzake wa Chile barua hiyo. Magazeti ya mrengo wa kushoto yakalipuka, Baraza la Seneti la Chile likalishika jambo hilo, Bunge likaunda tume ya uchunguzi, na yule mwanaanthropolojia akapigwa marufuku kukanyaga tena nchi aliyozaliwa. Mambo haya yalitokea wakati ambapo wanajeshi wa Marekani walikuwa wametua Jamhuri ya Dominika, Aprili 1965, hivyo hapakuwa na mtu Amerika ya Kilatini aliyehitaji kuelezwa neno "vita vya ndani" lina maana gani. Tarehe 8 Julai 1965, Waziri wa Ulinzi Robert McNamara aliufuta mradi. Ulikuwa bado haujafanya utafiti wowote wa kiwanjani.

Hapo ndipo wengi wetu huufunga mkoba: mabeberu walikuja, wakafichuliwa, wakafukuzwa. Lakini hebu tuangalie waliokasirika walikasirikia nini. Balozi wa Marekani mjini Santiago, Ralph Dungan, alikasirika kwa sababu hakuarifiwa. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ilikasirika kwa sababu Wizara ya Ulinzi ilikuwa imeingia shambani mwake. Agosti 1965 Rais Johnson akaamua kwamba utafiti wowote unaogharimiwa na serikali, ambao unaweza kuathiri uhusiano na nchi za nje, sharti upate kwanza idhini ya Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Kesi ikaisha kama ugomvi wa mipaka baina ya ofisi mbili za serikali moja. Nao maprofesa wakajadiliana kwa miaka miwili mitatu juu ya uadilifu: je, ni halali kupokea fedha za jeshi? Je, ni halali kumficha mwenzako mfadhili wako? Irving Louis Horowitz alikusanya hati na hoja hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, na ni kitabu kinachofaa kusomwa hadi leo, hasa pale kinapoeleza kwamba wengi wa waliojiunga na mradi hawakuwa watu waovu. Waliamini kwamba watalielimisha jeshi. Kwamba wakiwaonyesha majemadari sababu za kijamii za maasi, majemadari watapenda mageuzi zaidi ya mabomu. Udanganyifu huo wa msomi anayedhani kwamba yeye ndiye anayemtumia mwenye nguvu si wa Wamarekani peke yao. Twaufahamu.

Sababu za Galtung za kukataa zilikwenda mbali zaidi ya suala la fedha. Alisema hawezi kulikubali jeshi la dola kubwa kuwa mdhamini wa utafiti wa kuzima maasi, wala hawezi kukubali kwamb jeshi ni chombo cha maendeleo, kwa kuwa yeye aliliona kuwa chombo kinachosimamia mapambano na hata kuyachochea. Kisha akaongeza hoja ambayo kwangu ndiyo kiini cha uhakiki wote: mradi ulikuwa wa upande mmoja. Kwa nini kuwe na utafiti wa maasi katika Amerika ya Kilatini, na kusiwe na utafiti wa jinsi nchi za Amerika ya Kilatini zinavyoweza kuingilia mambo ya Marekani?

Watu waliidhani hoja hiyo kuwa ni kejeli. Haikuwa kejeli. Ni kipimo. Geuza swali la mtafiti limtazame aliyemtuma, uone kama litaendelea kuwa swali au litageuka kuwa tusi. Swali la Camelot likigeuzwa linakuwa hivi: ni hali zipi ndani ya Marekani zinazoifanya serikali yake kuvuruga amani ya nchi nyingine, na ni hatua zipi zinazoweza kuchukuliwa ili kupunguza hali hizo? Swali hilo lilikuwa la kisayansi kabisa na lilikuwa na data tele. Katika uchaguzi wa Chile wa mwaka 1964, mwaka uleule wa Camelot, shirika la kijasusi la CIA lilitumia zaidi ya dola milioni 2.6 kumsaidia Eduardo Frei amshinde Salvador Allende. Hayo hayakutoka kwa wapiga domo wa vijiweni. Yalitolewa na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, chini ya Seneta Frank Church, katika ripoti ya mwaka 1975. Lakini katika mpango wa Camelot, mkono wa dola kubwa haukuwa miongoni mwa vyanzo vya kupimwa. Vilivyopimwa ni manung'uniko ya wanyonge.

Tazama jinsi swali hilo linavyogawa kazi. Jamii ni mgonjwa. Serikali ni mganga. Jeshi la kigeni ni mwenye duka la dawa. Utulivu ndiyo afya. Mkulima wa Chile asiye na ardhi, anayefanya kazi katika shamba kubwa la bwanyenye kwa ujira wa kijungujiko, akidai ardhi anaingia katika jedwali kama dalili ya ugonjwa. Bwanyenye mwenyewe haingii. Kampuni za Anaconda na Kennecott, zilizokuwa zikichimba shaba ya nchi hiyo na kupeleka faida kwao, haziingii. Mtafiti hajasema uongo wowote; kila namba aliyoiandika huenda ni sahihi. Upotofu umo katika kuamua nani ahesabiwe na nani aachwe.

Camelot haikulizua swali hilo. Lilikwisha andaliwa katika vyuo kwa zaidi ya miaka kumi, na mwandaaji mkuu alikuwa Walt Rostow. Kituo cha Masomo ya Kimataifa cha MIT, alikofanyia kazi, kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa msaada wa fedha za CIA, na mkurugenzi wake Max Millikan alikuwa ametoka katika shirika hilohilo. Mwaka 1960 Rostow alitoa kitabu chake juu ya hatua za kukua kwa uchumi, The Stages of Economic Growth, ambacho kichwa chake cha pili chajitangaza kuwa ni ilani isiyo ya kikomunisti. Kila taifa, asema, hupita hatua tano: jamii ya jadi, maandalizi ya kuruka, kuruka kwenyewe kama ndege, safari ya kuelekea ukomavu, na mwisho zama za matumizi makubwa ya bidhaa. Ili kuruka, uwekezaji upande kutoka kama asilimia 5 ya pato la taifa hadi asilimia 10 au zaidi. Hakuna katika kitabu hicho mahali ambapo ndege moja inaruka kwa sababu imechukua mafuta ya nyingine. Utumwa, ukoloni na biashara ya shaba vimekuwa hali ya hewa tu. Na katika safari hiyo ukomunisti ni maradhi ya kipindi cha mpito, yanayoushika mwili wa taifa kabla haujapata nguvu. Basi, kama uasi ni maradhi, anayeendesha maendeleo na anayepiga bunduki ni wauguzi wa wodi moja. Haikushangaza kwamba Rostow aliingia serikalini mwaka 1961, akapanda hadi kuwa mshauri wa Rais wa mambo ya usalama wa taifa kuanzia 1966 hadi 1969, na kwamba mtu wa hatua tano za maendeleo ndiye aliyekuwa miongoni mwa washupavu wa kuipiga Vietnam mabomu.

Vietnam sitaisimulia, yajulikana. Yatosha kukumbusha kwamba kuanzia 1962 wakulima wa Vietnam Kusini walisombwa na kuingizwa katika vijiji vya ngome vilivyozungushiwa uzio, na jambo hilo likaitwa maendeleo ya vijijini na usalama kwa wakati mmoja. Mwaka 1968 Samuel Huntington wa Harvard aliandika katika jarida la Foreign Affairs kwamba vita, kwa kuwafukuza wakulima mashambani na kuwarundika mijini, vilikuwa vikiondoa msingi wa mapinduzi ya wakulima. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake juu ya utaratibu wa kisiasa katika jamii zinazobadilika, ambamo anashikilia kwamba tofauti kubwa kati ya nchi na nchi ni kiasi cha utawala uliopo kuliko aina yake. Tumpe haki yake: Huntington aliona kosa la Rostow. Alitambua kwamba kukua kwa uchumi hakuleti utulivu wenyewe, na mara nyingi huleta vurugu. Alikuwa msomi makini kuliko Rostow. Lakini tazama alikolipeleka tambuzi hilo. Hakuuliza haki iko wapi. Aliuliza nani atashika hatamu.

Sasa twende kwenye utafiti uliokuwa halali. Mwaka 1956, miaka minane kabla ya Camelot, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Santiago kilitiliana sahihi na Chuo Kikuu cha Chicago mkataba uliogharimiwa na msaada wa serikali ya Marekani. Hapakuwa na siri. Maprofesa wa Chicago wangekwenda Santiago kufundisha na kuuchunguza uchumi wa Chile, na vijana wa Chile wangekwenda Chicago kusoma. Makumi walikwenda. Walirudi na shahada, wakashika viti vya kufundishia, wakawa wanajadiliana kwa heshima zote na wanauchumi wa CEPAL, tume ya Umoja wa Mataifa yenye makao yake hukohuko Santiago, ambao wao walikuwa wakieleza kwamba umaskini wa nchi zao umefungamana na namna zilivyoingizwa katika soko la dunia. Kwa miaka mingi watu wa Chicago walishindwa katika hoja. Wapiga kura hawakuwataka. Si Frei wala Allende aliyetaka uchumi wao. Na mwaka 1971 Bunge la Chile lilipopiga kura kuitaifisha shaba, halikupatikana hata jimbo moja la kupinga. Sheria ilipita kwa sauti moja.

Basi wakaandika. Kabla ya mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 11 Septemba 1973 walikuwa wamekwisha tayarisha mpango wa uchumi, mnene kiasi kwamba watu waliuita "tofali", na ukawafikia makamanda mara tu walipotwaa madaraka. Milton Friedman alikwenda Santiago Machi 1975 akaonana na Jenerali Pinochet. Sergio de Castro, mmoja wa wanafunzi wa Chicago, akawa Waziri wa Fedha kuanzia mwisho wa 1976 hadi 1982. Bei zikaachwa huru, ushuru wa forodha ukashushwa, mashirika ya umma yakauzwa, na hata pensheni za wafanyakazi zikapewa makampuni binafsi. Mwaka 1982 pato la taifa lilianguka kwa zaidi ya asilimia 10, na serikali iliyohubiri kutoingilia soko ikalazimika kuyatwaa mabenki makubwa ya watu binafsi ili yasizame. Wakati wa utawala huo wa miaka 17, zaidi ya watu 3,000 waliuawa au walitoweka, kwa hesabu za tume rasmi za Chile zilizoundwa baada ya 1990.

Camelot, mradi wa jasusi, ulifukuzwa kwa matarumbeta, nao haukumdhuru mkulima hata mmoja wa Chile. Chicago, mradi wa profesa, haukufukuzwa na mtu. Waliokuwa wakilinda mlango walikuwa na orodha ya majasusi mkononi, na majina ya wale vijana hayakuwamo.

Lipo jambo jingine ambalo linaiaibisha Camelot kama sayansi, tukiacha siasa kando kidogo. Mradi ulitaka kutabiri ni nani atakayevunja amani. Aliyeivunja amani ya Chile hakuwa mkulima, wala mchimba shaba, wala mwanafunzi wa Santiago. Alikuwa ofisa wa jeshi. Naye hakulivunja tu Bunge. Alianza kwa kuvunja jeshi lenyewe, kwa maana mwezi Oktoba 1970 Jenerali René Schneider, mkuu wa majeshi ya nchi kavu aliyeshikilia kwamba jeshi litiii katiba, alipigwa risasi na kufa siku chache kabla Allende hajaapishwa. Kipimo cha vita vya ndani ambacho kimemsahau mwenye bunduki ni sawa na mizani isiyo na jiwe. Na hakikumsahau kwa bahati mbaya. Jeshi ndilo lililokuwa mteja, na mteja haorodheshwi miongoni mwa matatizo.

Msomaji wa hapa Tanzania anaweza kusema: hayo ni ya Chile. Si ya Chile tu. Kabla hatujapata uhuru, mwaka 1959 hadi 1960, ujumbe wa Benki ya Dunia uliizunguka Tanganyika, na ripoti yake ikatoka mwaka 1961. Haikuwa na siri, ilikuwa vitabuni. Ilimwona mkulima katika kijiji chake kuwa mzito wa kubadilika, ikapendekeza wateuliwe wachache, wahamishiwe kwenye mashamba mapya ya makazi yenye matrekta na wasimamizi. Mpango wetu wa kwanza wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, uliimeza dawa hiyo. Mwaka 1966 serikali ililazimika kuacha kuanzisha makazi mapya ya namna hiyo, kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa na walowezi wenyewe walikuwa wamegeuka kuwa vibarua wanaongoja amri. Ile nayo ilikuwa nadharia ya Rostow, ikiwa imevaa buti za shamba.

Azimio la Arusha la 1967 liligeuza swali. Mwongozo wa TANU wa 1971 uligeuza zaidi, na ningependa vijana wausome tena kwa jicho la mada hii, maana ni andiko la maendeleo na usalama kuliko tunavyokumbuka. Uliandikwa baada ya Wareno kuishambulia Guinea mwezi Novemba 1970 na baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda Januari 1971. Hofu ya usalama imo ndani yake tangu mwanzo. Lakini hofu hiyo haikuelekezwa kwa mwananchi. Hatari iliwekwa kwa mvamizi wa nje na kwa kiongozi mwenye majivuno; na maendeleo yakaelezwa kwa kipimo cha uwezo wa watu wenyewe kuyaamua mambo yao. Huku ni kuunganisha maendeleo na usalama kwa njia iliyo kinyume kabisa na ya Camelot, na hakukutoka katika chuo chochote chenye dola milioni 6.

Hapa pia hapana budi kujikosoa, la sivyo makala haya yatakuwa ya kuwasuta wengine tu. Kati ya 1973 na 1976 tuliwahamishia wananchi vijijini, na kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji. Mahali pengi walikwenda kwa hiari, na shule na visima vikawafuata. Mahali pengine walisombwa kwa malori, na nyumba zikachomwa ili wasirudi. Ofisa aliyefanya hivyo hakuwa amemsoma Rostow. Lakini alikuwa amelibeba swali lilelile: nitamfanyaje huyu mkulima atii? Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilipewa dodoso nikazungushwa vijijini siku ishirini na moja kuuliza wakulima kwa nini hawalimi kwa kufuata mistari. Hapakuwa na swali hata moja juu ya bei wanayolipwa, wala juu ya ofisa wao wa ugani aliyeonekana mara moja kwa mwaka. Ripoti yenyewe sijapata kuiona hadi leo.

Wako wanaosema kwamba ukimkosoa mtafiti hivi unaua utafiti. La. Walter Rodney aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikaa katika maktaba akatumia vitabu na takwimu za wakoloni wenyewe, na mwaka 1972 akatoa kitabu juu ya jinsi Ulaya ilivyoidunisha Afrika. Takwimu zilikuwa zilezile; alichokibadili ni nani awekwe kizimbani. Wala tusidhani kwamba tukibadilisha bendera ya mfadhili tumebadilisha swali. Nchi zilizojiita za kijamaa nazo zilikuwa na vyuo vilivyowachunguza wafanyakazi ili kujua kwa nini wananung'unika, na havikuwa na ruhusa ya kuichunguza kamati kuu.

Na swali halikuzeeka. Mwaka 2004 Paul Collier na Anke Hoeffler walitoa makala mashuhuri juu ya uroho na manung'uniko katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa kutumia takwimu za nchi nyingi walihitimisha kwamba nafasi ya kupata fedha na wapiganaji inaeleza kuzuka kwa vita vizuri zaidi kuliko manung'uniko ya watu. Kazi hiyo ni ya wazi na ya bidii, na wengi wameijibu kitaalamu. Mimi nauliza moja tu: mauzo ya mali ghafi ya nchi yamo katika hesabu kama kishawishi cha mwasi, je, mnunuzi wa mali hiyo yumo katika safu gani? Mwaka 2008 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mpango wa Minerva wa kugharimia sayansi ya jamii vyuoni, safari hii hadharani kabisa, kwa matangazo na mashindano ya maombi. Somo la 1965 lilikuwa limeeleweka: dhambi ilikuwa siri, basi siri ikaondolewa.

Nirudi Chile, kwa mtu mmoja. Orlando Letelier alikuwa balozi wa Allende mjini Washington, kisha Waziri wake wa Ulinzi. Baada ya mapinduzi alifungwa katika kisiwa cha Dawson kule kusini penye baridi kali, akaachiwa mwaka 1974, akaishia kufanya utafiti katika taasisi moja ya Washington. Mwezi Agosti 1976 alichapisha katika jarida la The Nation makala kuhusu wanauchumi wa Chicago nchini Chile. Wakati huo watu wengi waungwana walikuwa wakisema kwamba uchumi wa Chile ni jambo moja, la kitaalamu, na mateso ni jambo jingine, la kusikitisha. Letelier alikataa. Alionyesha kwamba mpango wa kushusha mishahara, kuuza mali ya umma na kuvunja vyama vya wafanyakazi, katika nchi ambayo watu wake walikuwa wamejipanga namna ile, usingeweza kutekelezwa bila magereza. Kwamba aliyeandika mpango na aliyeshika ufunguo wa gereza walikuwa wakifanya kazi moja. Hakutumia dodoso. Alitumia takwimu za serikali, na kumbukumbu.

Tarehe 21 Septemba 1976, wiki chache baada ya makala hayo kutoka, bomu lililofungwa chini ya gari lake lililipuka katika mtaa wa mabalozi mjini Washington, likamwua yeye na Ronni Moffitt, mfanyakazi mwenzake mwenye umri wa miaka 25. Waliolipanga walikuwa watumishi wa idara ya usalama ya Chile.